Kaburi la Bi Mkondo

Riziki, fundi baiskeli, alipita mbele ya nyumba ya Saida, akapunguza mwendo na kuvua kofia.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo."

"Haya. Mungu akuweke."

Akaenda zake. Saida alibaki na ufagio mkononi, akatamani kumrushia mgongoni. Riziki alikuwa mtani wa ukoo wa mumewe, na mtani hasalimii kwa adabu. Zamani asingepita pale bila kuuliza kama Saida bado anampikia mumewe ugali wa kuzibia nyufa za ukuta. Na msibani ndiyo usiseme. Kwetu Mahurunga mtu akifa, watani ndio wa kwanza kufika. Wanachimba kaburi. Wanavaa nguo za marehemu na kuiga alivyokuwa akitembea na kukohoa. Mmoja wao hulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe anachotaka. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani ana ruhusa ya kumwambia mfiwa neno lolote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Nyumba ambayo watani hawajaja kuifanyia fujo haijafiwa.

Kwa Saida hawakuja. Mumewe Hashimu alitoweka msimu uliopita wa mpunga, na sasa mpunga mwingine ulikuwa umefika magotini, lakini hakuna aliyekubali kwamba amekufa.

Saida alimwona akifa.

Asubuhi ile walikuwa wanakwenda kuamia ndege wasile mpunga kwenye shamba lao, lililoko kwenye kisiwa kidogo katikati ya Ruvuma, kule chini ambako mto unakaribia kuonja chumvi. Mtumbwi ulikuwa mdogo. Hashimu alitangulia na vyombo, ili amrudie mkewe baadaye. Saida alisimama ukingoni akimwangalia. Maji yalikuwa yamejaa na kutulia. Ghafla, chini ya mtumbwi, palipanda mgongo. Ulikuwa mrefu kuliko mitumbwi miwili, una mikunjo kama gome la mkorosho mzee, umeota vijikombe vyeupe vigumu kama vile vinavyoota kwenye nguzo za gati. Mtumbwi ulisimama wima. Hashimu alianguka kama gunia, hakuwahi hata kuita. Kisha kikatoka kichwa kipana, chenye uso wa kizee na masharubu, kikashusha pumzi ndefu kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kikamtazama Saida. Kikazama.

Ile pumzi ndiyo aliyoshindwa kuisamehe. Mume wake alikuwa anakufa, na yule anapumzika.

Alikimbia kijijini akasema kweli yote: Bi Mkondo amemuua Hashimu. Na hapo ndipo alipoharibu. Kwani Bi Mkondo ni jina la kuogofyea watoto. Mtoto akichezea ukingoni huambiwa, toka hapo, Bi Mkondo atakuvuta, anapanda na bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, kutoka baharini, ana uso wa bibi na mgongo wa gome. Watu wazima walipomsikia mwanamke mzima akilitaja jina hilo, waliangaliana. Mtumbwi ulipatikana umepasuka chini. Mwili haukupatikana. Na Hashimu alikuwa na mazoea ya kuzungumza juu ya kwenda ng'ambo, Msumbiji, kutafuta kazi.

"Amevuka," wakasema. Wengine walisema amefuata mwanamke. Wengine walishusha sauti na kusema amewafuata wale watu wa msituni wenye bunduki, na mkewe ametungiwa hadithi ya kusema. Wakaja watu wawili wa serikali kwa gari, wakamuuliza Saida maswali kutwa nzima. Tangu siku hiyo majirani walianza kumsalimia kwa adabu.

Shemeji yake Amiri, mdogo wake Hashimu, alimjia mara nyingi kumsihi.

"Shemeji, sema tu mtumbwi ulipinduka. Ungesema hivyo siku ile, tungemsomea khitma siku ile ile."

"Haukupinduka. Ulipinduliwa."

"Tofauti yake nini kwa maiti?"

"Ina tofauti kwangu. Aliyemuua yupo, anakula, anapumua. Wewe unataka nimfiche?"

"Nataka mama yetu aache kumwekea mwanawe sahani ya wali kila Ijumaa."

Saida akasema, "Sahani hiyo ataiacha siku nitakapomletea kichwa cha Bi Mkondo mlangoni."

"Wewe umekuwa kichaa, shemeji."

"Nimekuwa mjane. Ninyi ndio mmekataa."

Alikuwa mtu wa sala. Hakuacha rakaa, na mwezi mzima wa Ramadhani alifunga na kusali tarawehe akiwa na hasira. Lakini dua yake ilikuwa moja tu, nayo haikuwa ya subira. Alikwenda kwa Maalim Selemani, anayefundisha watoto madrasa, akamwomba amsomee Albadiri, kile kisomo wanachosomewa wezi na wauaji ili adhabu iwashukie.

Maalim alizungusha tasbihi.

"Mwanangu, Albadiri husomewa mja mwenye hesabu. Mnyama hana hesabu. Hakupewa amri akaivunja. Kisomo kisipopata pa kushukia, humrudia aliyekiomba."

"Kwa hiyo damu ya mume wangu haina mwenyewe?"

"Ina Mwenyewe. Mwachie."

"Nimemwachia msimu mzima, Maalim."

"Na kumbuka, kiumbe anayeuawa bila haja naye atasimama mbele ya Mola wake aulize, kwa nini?"

"Nami nitakuwa nimesimama palepale," Saida akasema. "Nitamjibu."

Aliondoka bila kisomo.

Mtu mmoja tu hakumcheka. Aliitwa Gideoni, mtaalamu wa wanyama wa majini, kijana wa kutoka bara aliyepanga chumba Mtwara mjini. Alikuwa akipita vijiji vya pwani na vya mto kuwauliza watu kama bado wanaona nguva. Saida alimweleza yote. Gideoni aliuliza umbo la kichwa, la mkia, la masharubu. Alimfanya amchoree mchangani kwa kijiti.

"Huyu si nguva," akasema taratibu. "Nguva hafiki hata nusu yake. Mama, kama uliona ulichokiona, hakuna kitabu kinachomjua mnyama huyu."

"Basi kiandike."

"Kwa maneno yako na yangu? Hawatakubali. Zamani zote mnyama mpya hakupewa jina mpaka mwili wake ulazwe mezani, ukapimwa, ukahifadhiwa."

"Yaani ili wakubali kwamba yupo, lazima afe."

Gideoni alijikuna kichwa. Halikuwa neno alilolipenda. "Mara nyingi imekuwa hivyo. Ni aibu yetu. Siku hizi tunajaribu njia nyingine. Picha nzuri, kipande kidogo cha ngozi, mashahidi. Hebu fikiri, huenda amebaki peke yake. Ukimuua kuthibitisha kwamba yupo, utakuwa umethibitisha kwamba alikuwepo. Ukimwona tena nipigie simu, mama, saa yoyote. Usimguse."

Saida alishukuru. Katika maneno yote hayo alilibeba lile la mwili mezani, mengine akayaacha pale pale mchangani.

Msimu ulipogeuka alivushwa tena kisiwani kupanda. Mpunga ulipopanda magotini aliona jambo ambalo Hashimu alikuwa akililalamikia mwaka jana: mstari wa pembeni, unaofikiwa na maji ya bamvua tu, ulikuwa umekatwa. Hashimu alidhani ni kiboko. Lakini kiboko hupanda nchi kavu, huacha nyayo na kinyesi, na hukanyaga zaidi ya anachokula. Hapa hapakuwa na unyayo. Mpunga ulikatwa chini, sawasawa, kama kwa mundu, kandokando ya kijito kidogo kinachoingia kisiwani katikati ya mikoko. Mlaji alikuwa amebaki ndani ya maji.

Saida alipiga magoti pale akashika mabua yaliyokatwa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kufiwa.

Alikwenda Msimbati kwa mjomba wake, mvuvi aliyestaafu. Stoo kwake kulikuwa na jarife la zamani, wavu wa matundu makubwa wa kukamatia papa, ambao siku hizi kuutega ni kosa. Pia kulikuwa na chusa, mkuki wa chuma wenye kulabu.

"Unakwenda kuvua nini, mwanangu?"

"Deni, mjomba."

Mjomba hakuuliza zaidi. Ila alimwambia wavu usitegwe wima, mnyama atauona. Ulazwe chini, uvutwe akishaingia.

Maji yalipokuwa yamekauka, Saida aliulaza wavu kwenye matope ya mdomo wa kijito, akafunga kamba zake kwenye mikoko miwili iliyokomaa, kisha akamfuata Amiri.

"Kesho ni bamvua. Nataka mikono yako miwili asubuhi moja tu. Bi Mkondo asipokuja, nitasema mbele ya watu wote kwamba mtumbwi ulipinduka. Naapa kwa Mungu."

Amiri alikubali upesi. Alidhani ameshinda.

Waliswali alfajiri juu ya kitenge kimoja, kisiwani, Amiri mbele na Saida nyuma yake, kisha wakajibanza kwenye mikoko, kila mmoja na kamba yake. Maji yalikuwa yamefika kwenye mpunga. Kulipoanza kupambazuka, walisikia kutafuna. Ilikuwa sauti tulivu kabisa, kama ng'ombe zizini. Mpunga wa pembeni ulikuwa unatikisika, kisha unazama, bua moja baada ya jingine.

"Vuta," Saida akanong'ona.

Walivuta. Jarife lilipanda likaziba mdomo wa kijito, wakafunga kamba. Kitu kiligeuka ndani ya maji, na wimbi lake likawalowesha mpaka kifuani. Kiligonga wavu mara moja, kikaachia. Kikarudi ndani. Hakikuwa na hasira. Kilikuwa kama mtu aliyekuta mlango umefungwa na anasubiri ufunguliwe.

Kisha maji yakaanza kutoka, kama yatokavyo siku za bamvua, kwa haraka na bila kusaza. Jua lilipopanda juu ya mikoko, mgongo ulikuwa nje. Baadaye ubavu. Hatimaye Bi Mkondo alilala mzima kwenye matope, mwenye mikono mifupi kama ya kasa na kucha kama za kiboko, na mkia mpana kama mlango. Alishusha ile pumzi yake. Saida aliisikia.

Amiri alikuwa ameketi chini kwenye matope.

"Kaka yangu amekufa," akasema. Akalirudia neno hilo kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. "Shemeji, kaka yangu amekufa, nasi tulikuwa tunakucheka."

Alilia kwa sauti. Saida alimwacha alie. Halafu akatoa simu yake ndogo ya vitufe akampigia Gideoni, kwa sababu alitaka shahidi wa kuuona mwili.

"Nimemkamata. Njoo uone."

Upande wa pili kiti kikaanguka. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mama, usimguse! Nakuomba kwa jina la Mungu. Mmwagie maji mgongoni asikauke. Napanda pikipiki sasa hivi. Nitafika kabla maji hayajarudi. Tutampiga picha, tutampima, tutamwachia. Mama, unanisikia?"

"Nakusikia," Saida akasema, akakata.

Amiri alikuwa ameshachota maji kwa ndoo na kuanza kumwagia mnyama. Masharubu ya mnyama yalikuwa na vipande vya majani mabichi ya mpunga. Macho yake madogo yalikuwa na maji, yakimfuata Amiri na ndoo.

"Weka ndoo chini," Saida akasema. Alikuwa ameshika chusa.

"Shemeji, tumeshamwona. Tupo wawili. Na mtaalamu anakuja. Umeshinda, nini tena unataka?"

"Nilisema nimeona, mkasema nimeota. Ukisema nawe, watasema tumeota wawili. Yule kijana barabarani ikimharibikia pikipiki, maji yatarudi, huyu ataondoka, nami nitabaki mke wa mtu aliyevuka. Nipishe."

"Atafika!"

"Na akifika atamwachia. Umesikia alivyosema? Tutampiga picha, tutamwachia. Aliyemuua ndugu yako apigwe picha!"

Amiri alisimama katikati. "Mimi ndiye ndugu yake, siyo wewe. Mimi nasema imetosha."

"Kama imekutosha, kasome khitma. Mimi haijanitosha."

Alimpita. Matope yalimfika magotini, akakaribia mpaka akalihisi joto la mwili ule. Mnyama hakusogea. Alipumua tu. Saida alinyanyua chusa, na kama mtu yeyote wa kwetu anayetaka kutoa roho ya kiumbe, hata kuku, alifungua kinywa kusema Bismillahi. Neno halikutoka. Alijaribu tena. Ulimi ulikuwa pale, na neno alilijua tangu utotoni, lakini halikukubali kupita.

Basi akachoma bila neno. Akachoma tena, nyuma ya mkono, kama mjomba alivyomfundisha juu ya papa. Kila pigo alilitaja jina la mumewe. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyotazamia, na Amiri aligeuza uso akaziba masikio.

Ilipokwisha, Saida aliegemea ubavu ule, damu imemfika viwikoni, akasubiri furaha. Ilikuja. Sitasema haikuja. Ilikuja kali kama pilipili, ikakaa kidogo, ikaondoka.

Gideoni alifika kabla maji hayajarudi, kama alivyoahidi. Alishuka kwenye mtumbwi akitembea haraka, kisha polepole, kisha akasimama. Alivua kofia ngumu ya pikipiki akaishika mikononi. Hakugomba. Alisema tu, "Uliniambia niandike, mama. Wino wako huu ni mwekundu sana."

"Mpasue tumbo," Saida akasema. "Hashimu alikuwa na pete ya fedha. Nataka pete yake."

Gideoni alimpasua, kwani sasa hakukuwa na cha kulinda. Saida mwenyewe aliingiza mikono akapekua gunia zima la majani yaliyotafunwa. Nyasi za baharini. Majani ya mikoko. Mpunga, mpunga, mpunga wake mwenyewe, mwingine bado mbichi. Hakuna mfupa. Hakuna pete.

"Hana hata meno ya chonge," Gideoni akasema. "Huyu hali nyama. Mumeo alipita juu yake wakati anapanda kuvuta pumzi. Ndiyo yote."

"Unasema hakumuua?"

"Nasema hakujua."

Amiri alishtuka. "Sasa watasema tena amevuka! Hakuna hata ukucha wa kaka humu!"

"Mtumbwi mliutupa?"

Haukutupwa. Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya jiko la Saida. Jioni ile ile, kijiji kizima kikiwa kimejazana uani, Gideoni aliinamia ufa wa chini ya mtumbwi na kuchokoa kwa ncha ya kisu. Ndani ya mbao mlikuwa mmekwama vijikombe vyeupe vilivyovunjika. Akaviweka kiganjani pamoja na vile alivyovibandua mgongoni mwa mnyama. Vilikuwa vya aina moja, na kimoja kilikuwa kimekatika nusu, bado kikiwa na kipande cha ngozi nyeusi yenye mikunjo. Watu walipokezana kuangalia. Mama mkwe wake Saida alivishika kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akaingia ndani, akaitoa ile sahani ya Ijumaa na kuifunika kifudifudi.

"Vilikuwa humu siku zote?" Saida akauliza.

"Siku zote," Gideoni akajibu. Hakuongeza kwamba angeweza kuvilinganisha na mnyama aliye hai. Hakukuwa na haja.

Khitma ilisomwa. Jina la Hashimu likarudi kutajwa pamoja na marehemu, na Mungu amrehemu.

Ikabaki nyama. Vijana walikwishaanza kunoa visu, Maalim Selemani akamuuliza Saida mbele ya watu, "Ulimsomea Bismillahi?"

"Sikumsomea."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Maalim alitikisa kichwa. "Basi mimi simruhusu mtu kumla. Azikwe, asije akanuka."

Gideoni alichukua fuvu, mkono mmoja na kipande cha ngozi, akavifunga kwenye turubai na kuondoka navyo mjini. Na kwa kuwa kuna kilichotakiwa kuzikwa, na kwa kuwa nyumba ya Hashimu sasa ilikuwa nyumba iliyofiwa, watani walikuja.

Saida aliwasikia kabla hajawaona. Wakavamia jikoni, wakamwaga maji, wakakamata jogoo. Riziki aliingia chumbani bila hodi akatoka amevaa shati la Hashimu la bluu, akitembea upande upande kama Hashimu alivyokuwa akitembea, akajikohoza kikohozi chake. "Mke wangu! Ugali tayari? Au niende nikazibe nyufa kwanza?" Watu waliangua kicheko. Saida naye alicheka, akalia, akacheka. Alikuwa ameingoja fujo hii tangu mwaka jana.

Walichimba shimo kubwa ukingoni, juu ya mahali maji yanapofika. Mabaki yalipoburutwa karibu, Riziki aliruka shimoni, akalala chali na kukunja mikono.

"Sitoki!"

"Toka, mtani, tumechoka!"

"Sitoki! Nimesikia anazikwa mtu mzito. Mfiwa wake yuko wapi?"

Mtu akamsukuma Saida mbele. Alikuwa anatabasamu bado.

"Aa, ni wewe!" Riziki akasema kutoka chini. "Hebu tuelewane. Mumeo alikuwa mwembamba, upepo wa kaskazi ungeweza kumwangusha. Hata kuku alikuwa hachinji, anamwita jirani. Si kweli?"

"Kweli!" watu wakaitika.

"Sasa mtu asiyeweza kuchinja kuku, umemchinjia tembo! Nani alikutuma? Yeye? Angekutuma yeye, ningemwona akitetemeka ndani ya shati hili." Akalikung'uta. Watu wakacheka. "Mimi nataka malipo yangu. Mfiwa alie."

"Nimemlilia mume wangu msimu mzima. Hukunisikia?"

"Huyo nilimsikia. Nauliza huyu anayesubiri hapo juu."

Kicheko kilipungua.

"Huyu nimemuua mimi," Saida akasema.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Watu wa mjini wamechukua kichwa. Mto wake umenyamaza. Mwingine anayemjua ni nani? Hana mfiwa mwingine."

Saida alihisi hasira ikimpanda, ile ile ya zamani, lakini mtani hakasirikiwi. Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni akaitupa shimoni, kama watu wafanyavyo kumnunua mtani atoke. Riziki aliikunja vizuri, akairudisha juu.

"Kanga sitaki."

"Nilimchukia," Saida akasema. "Na bado namchukia. Unasikia, Riziki? Hata sasa."

"Basi mlilie kwa chuki hiyo hiyo. Kaburi lisilo na kilio mimi silifukii."

Hakuna aliyecheka. Saida alitazama kile kilichobaki cha Bi Mkondo, mgongo wa gome, vijikombe vyeupe vilivyoanza kukauka juani. Akakumbuka ile pumzi. Aliijaribu mwenyewe, bila kukusudia: alishusha pumzi ndefu kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mzigo haukushuka. Aliinama akachukua udongo.

"Bismillahi," akasema.

Neno lile lilikuja sasa, jepesi, limechelewa. Alilisema tena, na lilipokatika katikati kila mtu alijua ni kilio, akautupa udongo shimoni.

Riziki alitoka. Alijipangusa shati la Hashimu, akapita karibu na Saida na kumnong'oneza, "Ugali wako bado mbaya." Kisha akashika jembe pamoja na wengine.

Bamvua lililofuata maji yalipanda mpaka kisiwani na kurudi. Mpunga wa pembeni haukuguswa. Ulikua mrefu kuliko mwingine wote, ukajaa, ukainama. Saida alivuna shamba lote, lakini mstari ule aliuruka. Amiri alimuuliza kwa nini hauvuni, au amechoka, amsaidie.

"Acha," akasema. "Ule si wangu."